Jinsi ya Kujifunza Msamiati wa Kiingereza kwa Kusoma Uchambuzi wa Siasa

Watu wazima wengi wa Kisumu na viunga vyake wanakijua Kiingereza cha kutosha kuomba kazi, kujaza fomu za benki na kufuata taarifa ya habari ya saa tatu usiku, lakini wakifungua kurasa za maoni gazetini hukwama kabla ya kumaliza aya ya pili. Mara nyingi tatizo si sarufi. Mwandishi wa safu hasimulii tu kilichotokea. Anapima, anashutumu, anakejeli, anakubali nusu ya hoja na kuikataa nusu nyingine, na kwa kila tendo hilo Kiingereza kina neno lake, ambalo halisikiki dukani wala halimo katika vitabu vya shule ya msingi. Kwa sababu hiyo hiyo, kurasa hizo zinamfaa sana mtu anayetaka kupanua msamiati wake, mradi azisome kwa mpango.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayejisomea mwenyewe au pamoja na wenzake wachache, awe fundi cherehani wa Kibuye, karani wa Nakuru, au kijana wa Kakamega anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi, na gazeti. Si lazima gazeti liwe la leo. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina meza za kusomea, na katika stendi nyingi za matatu mchuuzi wa magazeti hukubali kukukodishia nakala kwa shilingi chache, uisome papo hapo ukiwa umesimama, kisha umrudishie bila mikunjo. Gazeti la juma lililopita lina faida moja ambayo jipya halina: unajua tayari mambo yaliishaje, kwa hiyo akili yako haihangaiki na kisa bali inayashughulikia maneno.

Fuata kisa kimoja hadi mwisho

Linalowapotezea wanafunzi muda mwingi ni kurukaruka. Leo mtu anasoma makala kuhusu ushuru, kesho vita vya Ukraine, keshokutwa uchaguzi wa Marekani, na kila mada inamletea kundi la maneno ambayo hatayaona tena kwa miezi. Neno lililoonekana mara moja halikai. Chagua kisa kimoja cha kisiasa, ukifuate kwa majuma mawili au matatu kupitia waandishi mbalimbali, kwa maana waandishi watano wanaobishana juu ya jambo moja hawana budi kutumia maneno yale yale, kila mmoja akiyageuza upande wake.

Chukua Oktoba 2024. Tarehe 8 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Tarehe 17 Seneti ikaidhinisha mashtaka matano kati ya kumi na moja. Kesi zikafika mahakamani. Na tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki akaapishwa. Mtu aliyesoma kurasa za maoni katika majuma hayo alikutana na "impeach", "motion", "grounds", "uphold", "conservatory orders" (amri za mahakama za kusimamisha jambo kwa muda) na "sworn in" mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji kuyakariri. Aliona pia kwamba "uphold" hutumika kwa mahakama inayothibitisha uamuzi, kwa Seneti inayokubali mashtaka, na kwa raia anayeitetea Katiba, na kwamba kinyume chake si neno moja: hoja hukataliwa kwa "reject", ilhali uamuzi hufutwa kwa "quash" au "overturn".

Visa vya karibu na nyumbani vinafaa zaidi, kwa sababu umevisikia stejini na sokoni kabla ya kuvisoma. Mwezi huo huo wa Oktoba 2024 hoja ya kumwondoa gavana wa Kericho iliporomoka katika Seneti. Wawakilishi wadi 31 kati ya 47 walikuwa wameiunga mkono, na ubishi wote ukawa juu ya hesabu: theluthi mbili ya 47 ni 31 na sehemu kidogo, sasa je, 31 wanatosha au lazima wawe 32? Aliyefuata hesabu hiyo hawezi kulisahau neno "threshold", kwa kuwa alilikuta limebeba uzito wa kiti cha gavana. Pamoja nalo alipata "preliminary objection", yaani pingamizi linalotolewa kabla kesi yenyewe haijaanza kusikizwa, na "reprieve", yaani ahueni anayoipata mtu aliyekuwa karibu kuanguka.

Ingia kupitia Kiswahili

Usianze na Kiingereza. Sikiliza taarifa ya saa moja usiku kwa Kiswahili, kisha ya saa tatu kwa Kiingereza; habari ni zile zile, na katika saa hizo mbili utakuwa umepata maana kabla hujalisikia neno. Asubuhi soma Taifa Leo kabla ya kufungua gazeti la Kiingereza. Anayeielewa siasa vizuri zaidi kupitia Ramogi FM au Mulembe FM, redio za Kijaluo na Kiluhya, na aanzie huko bila aibu, kwa kuwa lengo la hatua hii ni kuujua ukweli wa jambo kwa lugha isiyokuchosha.

Utaanza kuona jozi. Mteule anayepigwa msasa na wabunge, upande wa pili anafanyiwa "vetting". Kiranja wa wengi ni "Majority Whip", mswada ni "bill", hoja ya nidhamu ni "point of order", na Rais anapoutia saini mswada ukawa sheria kitendo hicho huitwa "assent". Hizi ni jozi za kudumu katika siasa za Kenya na zinajifunzika haraka, kwa hiyo zipe siku chache tu na usizigeuze kuwa kazi kuu. Jambo la kuangalia ni kwamba jozi haziendi sambamba kila mara. Kiswahili chetu husema mgombea kabla na baada ya kuteuliwa na chama, lakini magazeti yetu ya Kiingereza humwita "aspirant" anayeitafuta tiketi na "candidate" aliyekwisha kuidhinishwa.

Katiba ya 2010 inafaa kuwa karibu nawe katika lugha zote mbili. Kifungu cha 181 kinachohusu kuondolewa kwa gavana ni kifupi na kina misemo ambayo wachambuzi huichota kila mara: "gross violation", "abuse of office", "gross misconduct". Mfanyakazi yeyote anaijua "gross" ya hati ya mshahara, ile jumla kabla ya makato. Hii ya Katiba ni nyingine. Ina maana ya ubaya uliopita kiasi, na huandamana na maneno machache tu, kama "negligence", "misconduct" na "violation". Ukikutana nayo, iandike pamoja na mwenzake, si peke yake.

Pima makala kabla ya kuisoma

Watafiti wa ujifunzaji wa lugha, Hu na Nation, waliandika mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili aisome makala kwa raha bila msaada. Kwa mtu anayejifunza, kiwango hicho ni cha kulenga, si cha kuanzia. Hesabu maneno mia ya mwanzo ya makala na uweke alama chini ya usiyoyajua. Yakiwa mawili au matatu, isome yote bila kamusi. Yakiwa kati ya manne na sita, hiyo ndiyo makala ya kazi. Yakizidi hapo iache, hata kama mwandishi wake anasifiwa na kila mtu. Wapo wanaoandika ili waonekane wamesoma, na hao hawamfai mwanafunzi.

Baada ya kipimo, soma mara ya kwanza hadi mwisho bila kugusa kamusi. Ukimaliza, sema kwa Kiswahili mwandishi anataka nini: anaunga mkono au anapinga, anamlaumu nani, anapendekeza nini. Ukishindwa kusema hivyo, rudi kwenye kichwa na aya ya mwisho, kwa sababu waandishi wengi wa safu hufunua msimamo wao hapo. Kusoma mara ya pili ndiko kwa kuchagua maneno, na maneno ya kuchagua yasizidi saba.

Katika kuchagua, vitenzi vina faida kuliko nomino. Majina ya tume, vyeo na vyama yatakujia yenyewe. Yanayotafutwa ni maneno kama "undermine", "entrench", "defer", "concede", "rein in", ambayo hutumika kortini, ofisini na katika ripoti ya kikundi cha akiba. Averil Coxhead alikusanya mwaka 2000 orodha ya jamii 570 za maneno (kila jamii ni neno pamoja na vinyambuo vyake) yanayojitokeza sana katika maandishi ya kitaaluma, nayo inapatikana bure mtandaoni. "Amend", "legislate", "policy", "controversy", "ideology" na "contradict" yote yamo. Neno ulilolikuta katika uchambuzi likiwamo pia katika orodha hiyo, lipe nafasi ya kwanza, kwa kuwa litakutumikia hata siku utakapochoka na siasa.

Sentensi moja chini ya jicho

Huu ni mfano niliotunga kwa mtindo wa kurasa za maoni: "The governor's decision to shelve the market project smacks of political expediency, however loudly his allies protest otherwise."

Mwanafunzi akikimbilia kamusi ya simu ataambiwa kwamba "shelf" ni rafu, "smack" ni kofi, na "protest" ni maandamano, kisha atabaki na gavana, rafu ya sokoni, kofi na waandamanaji. Sentensi haisemi lolote kati ya hayo. "Shelve" hapa ni kuweka kando mpango bila kuufuta, na huandamana na "project", "plan", "proposal" au "bill". "Smacks of" ni kuonyesha dalili ya jambo, na jambo lenyewe huwa baya: unafiki, kiburi, kukata tamaa, upendeleo. Ukiandika kwamba barua ya mtu "smacks of kindness", msomaji atadhani unamkejeli. "Political expediency" ni kutenda linalokufaa kisiasa kwa sasa badala ya lililo sawa. "Protest otherwise" ni kusisitiza kwamba mambo sivyo yalivyo. Hakuna aliyeingia barabarani. Na "however loudly" inamwambia msomaji kwamba kelele za wandani wa gavana hazijambadilisha mwandishi mawazo.

Sasa daftari. Acha mtindo wa neno upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia. Tenga nusu ukurasa kwa kila neno. Juu, nakili sentensi nzima kama ilivyochapishwa, pamoja na tarehe. Chini yake andika maneno yanayoandamana nalo, angalau matatu, kutoka kwenye kamusi au makala nyingine. Kisha andika maana kwa Kiswahili chako mwenyewe, hata ikihitaji mstari mzima: "kuweka mpango kando kwa muda, bila kuutangaza kwamba umekufa". Mwishoni tunga sentensi yako kuhusu maisha yako, si kuhusu gavana: kwamba mmeuweka kando ujenzi wa choo cha kanisa hadi mavuno, kwa mfano, ila uiandike yote kwa Kiingereza. Sentensi hii ya mwisho ndiyo watu huiruka kwa uvivu, nayo ndiyo inayolitoa neno gazetini na kulileta mdomoni.

Maneno yanayopima upande

Uchambuzi ni hoja, na maneno yake hayana uso mmoja. Mtu akisema jambo, mwandishi anaweza kuandika "said", na hapo hajaegemea popote. Akiandika "claimed", amekudokezea kwamba haamini. "Admitted" inamfanya msemaji awe amekiri kosa, "insisted" inamfanya awe amebanwa, na "conceded" inamaanisha amekubali shingo upande. "Alleged" ni kinga ya kisheria: jambo limedaiwa, halijathibitishwa. Anayejifunza Kiingereza kwa mazungumzo peke yake huvitumia vitenzi hivi kana kwamba ni kitu kimoja, na barua yake kwa mwajiri inaweza kumtukana mtu bila kukusudia.

Tofauti hiyo hiyo imo katika majina. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipozua maandamano, na vijana wakaingia katika majengo ya Bunge tarehe 25 Juni, Rais William Ruto akitangaza kesho yake kwamba hautii saini, umati ule ule uliweza kuitwa "protesters", "rioters", "criminals" au "goons" kulingana na aliyeshika kalamu. Kiswahili chetu kina mpangilio wake wa waandamanaji, wahuni na wahalifu, kwa hiyo wazo si geni. Chukua makala mbili zinazopingana kuhusu siku moja, andika majina na vitenzi vya kila moja kwenye safu mbili, halafu jiulize ni neno lipi ungelitumia ukiwa mwanahabari anayetaka kuaminiwa na pande zote. Zoezi hili ni refu na linachosha kidogo, lakini linafunza kuliko mengine yote katika mwongozo huu. "Regime", "administration" na "government" ziweke kwenye zoezi hilo pia. Ya kwanza karibu daima ni ya mtu asiyeipenda serikali anayoitaja.

Yanayogeuka na yaliyo yetu

Yapo maneno yanayoweza kusema mambo mawili yanayopingana. "To table a motion" nchini Kenya na Uingereza ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Nchini Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Kabla ya kuelewa sentensi yenye kitenzi hicho, tazama mwandishi anazungumzia bunge la nchi gani. "Sanction" ikiwa kitenzi inaweza kuwa kuidhinisha au kuadhibu, na muktadha ndio unaoamua. "Oversight" ni kazi ya Seneti ya kuchunguza jinsi fedha za kaunti zinavyotumiwa, na pia ni kosa la kupitiwa. Sentensi "it was an oversight" haimpi mtu sifa ya usimamizi, inamwombea radhi.

Maneno mengine yamepata maana ya Kenya ambayo mtu wa London hataielewa. "Handshake" kwetu si kushikana mikono tu. Ni maridhiano ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ya tarehe 9 Machi 2018, na tangu hapo ni maridhiano yoyote ya mahasimu wa kisiasa. "Hustler" ya kampeni za 2022 ni mtu wa kipato kidogo anayejitafutia, ilhali kwingine neno hilo hunuka utapeli. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, kurasa za maoni zilijaa "legacy", "succession" na "kingpin". Mawili ya mwanzo yanakubalika popote. La tatu kwetu ni kigogo wa kisiasa wa eneo fulani, lakini katika magazeti ya nchi nyingi "kingpin" ni mkuu wa genge la wahalifu au la mihadarati. Weka herufi K pembeni mwa maneno ya namna hii daftarini. Hayana kosa lolote katika gazeti la Nairobi. Katika insha ya IELTS yanahitaji maelezo au yabadilishwe.

Mahakama ya Juu nayo imechangia. Uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017 uliobatilisha uchaguzi wa urais ulilifanya taifa zima liseme "null and void", yaani batili kabisa, na ule wa tarehe 5 Septemba 2022 ukaeneza "hot air", yaani maneno matupu, na "wild goose chase", yaani kusaka kisichopatikana, hadi kwenye vijiwe vya bodaboda Kondele. La kwanza ni msemo wa kisheria na laweza kuingia katika barua rasmi. Mawili ya mwisho ni ya mazungumzo na kejeli. Yatumie na rafiki, si na mkuu wa idara.

Vichwa vya habari vina lugha yake, ambayo ni ya kutambua tu, si ya kuiga. Neno fupi huchaguliwa kwa sababu nafasi ni finyu: "row" ni mzozo, "probe" ni uchunguzi, "bid" ni azma, "axe" ni kufuta kazi, "nod" ni idhini. Jambo lililokwisha kutokea huandikwa kwa wakati uliopo, "Senate saves governor", na lijalo huandikwa kwa "to", "President to visit Kisumu". Hakuna anayezungumza hivyo nyumbani.

Sikio na ulimi

Anayejifunza kwa macho peke yake hujenga matamshi ya kubuni. Siasa ina maneno kadhaa yanayomwaibisha msomaji mzuri: "coup" hutamkwa karibu na "ku", bila p, "indict" ni "indait", bila k, "subpoena" ni "sapina", b ikiwa imemezwa. Kamusi za mtandaoni zina kitufe cha sauti, na kila neno linaloingia daftarini lisikilizwe kabla ya kukaririwa.

Kwa anayetaka kusikia na kuona kwa pamoja, kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansard, huchapishwa bure kwenye tovuti ya Bunge, na vikao hurushwa moja kwa moja. Tazama dakika kumi za mjadala, andika unachodhani kimesemwa, kisha linganisha na kumbukumbu zitakapotoka. Wabunge wanaruhusiwa kuzungumza kwa Kiswahili au Kiingereza, ila aliyeanza kwa lugha moja anatakiwa kumaliza kwa hiyo hiyo, kwa hiyo siku nyingine utapata hoja moja ikijadiliwa kwa lugha zote mbili na wasemaji tofauti.

Kuzungumza kunahitaji wenzako, na hapa pana tahadhari. Siasa za kwetu hupanda joto haraka, na kikundi cha kujifunza kinaweza kuwa baraza la matusi kabla ya chai kupoa. Kanuni inayosaidia ni kwamba kila mtu aitetee kwa Kiingereza makala asiyokubaliana nayo, kwa dakika mbili, akitumia angalau maneno matatu ya juma hilo. Aliye mwaminifu kwa chama chake atanung'unika. Mwache anung'unike, ila kwa Kiingereza.

Kurudia kwa kisanduku

Daftari peke yake halitoshi, kwa sababu hakuna anayelirudia kwa utaratibu. Mjerumani Sebastian Leitner alieneza mwaka 1972 njia ya visanduku inayohitaji tu vipande vya karatasi ngumu na bahasha tatu. Upande mmoja wa kipande andika sentensi ya gazeti ikiwa na pengo mahali pa neno. Upande wa pili andika neno. Vipande vipya hukaa bahasha ya kwanza na husomwa kila siku. Ukipata jibu, kipande kinahamia bahasha ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, kinahamia ya tatu, inayofunguliwa mara moja kwa juma. Ukikosa popote, kinarudi bahasha ya kwanza bila huruma. Programu za simu kama Anki hufanya kazi hiyo bila karatasi, na zinafaa kwa anayesafiri kila siku kati ya Ahero na mjini, lakini kuandika kwa mkono kuna faida yake kwa tahajia.

Kisa kikiisha magazetini, usikishike kwa nguvu. Pumzika siku mbili tatu, kisha uchague kingine chenye sura tofauti: baada ya kuondolewa kwa gavana, fuata bajeti ya kaunti au mgogoro wa ardhi, ili maneno ya fedha na ya umiliki nayo yapate zamu. Uchambuzi wa nchi za nje uache hadi ule wa Kenya uwe unasomeka bila kusitasita, kwa kuwa huko kuna maneno yanayodai historia nzima nyuma yake. "Gerrymander", kwa mfano, lilizaliwa mwaka 1812 kutokana na jina la Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, aliyetia saini sheria ya mipaka ya majimbo iliyokipendelea chama chake.

Atakayefika mahali ambapo makala za maoni hazimpi tena zaidi ya maneno mawili mapya kwa ukurasa anaweza kuhamia hukumu zenyewe. Tovuti ya Kenya Law huziweka bure. Ni ndefu na aya zake zina namba. Anza na amri zilizo mwishoni, ambazo huwa fupi na zenye vitenzi vya wazi, kisha urudi nyuma kutafuta sababu za kila amri.